Namna ya Kuyeyusha Alfa-galaktosilseramaidi kwa Jaribio la Seli za NKT

Alfa-galaktosilseramaidi, glaikolipidi (mafuta yaliyoungana na sukari) iliyobuniwa na watafiti wa kampuni ya Kirin ya Japani kwa kufuata kemikali za sponji wa baharini wa Okinawa, ndiyo inayotumika zaidi kuamsha seli za NKT, aina ya chembe nyeupe za kinga zinazotambua mafuta, lakini kwa nionavyo majaribio mengi huharibikia kwenye kuyeyusha. Aliyewahi kudondosha mafuta ya alizeti kwenye maji anajua yanavyojitenga, na kemikali hii ina tabia hiyohiyo. Kichwa chake ni sukari ya galaktosi, na mikia yake ni minyororo miwili, mmoja wa kaboni 26 na mwingine wa kaboni 18. Mikia hiyo ndiyo inayozama katika mifuko ya CD1d, protini iliyo juu ya seli nyingine inayozionyesha seli za NKT mafuta, sukari ikabaki juu ili kipokezi cha seli ya NKT kiitambue.

Tumia kichupa cha kioo, kwa kuwa mafuta haya hunata kwenye plastiki. Weka miligramu 1 ya unga katika mililita 1 ya DMSO, kiyeyushi cha majimaji cha maabara. Hapa Dodoma, asubuhi za Juni na Julai, utaikuta DMSO yenyewe imeganda kama samli, kwani huganda chini ya nyuzi 18.5, iache iyeyuke yote kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kupima, maana ukipima iliyoganda nusu, kipimo si kipimo tena. Pasha mchanganyiko hadi nyuzi 80, kisha uuweke kwenye mashine ya mawimbi ya sauti, ukirudia hadi kichupa kikiinuliwa dirishani kisionyeshe ukungu wala punje zinazoelea. Usikubali kuridhika na "karibu wazi".

Ikiwa ingali ya moto, dondosha kidogokidogo katika maji ya kuoteshea seli yaliyopashwa hadi nyuzi 37, huku ukitikisa, upate mikrogramu 10 kwa mililita. Kisha zimua mara 100 ndani ya visima (vishimo vya sahani ya maabara) vyenye chembe nyeupe za damu ya watu walioridhia kwa maandishi, chini ya kibali cha maadili. Nanogramu 100 kwa mililita zinatosha. Visima vya ulinganisho vipewe DMSO ileile kwa kiasi kilekile, bila glaikolipidi.

Seli za NKT ni chache sana katika damu ya binadamu, na watu hutofautiana mno, hivyo usitegemee mchangiaji mmoja. Ili kuzihesabu, ongeza intaleukini-2, protini inayochochea seli za kinga kukua, na uziache zizaliane kwa takriban siku 7. Ukipima saitokini, yaani protini ambazo seli za kinga hutoa ili kupashana habari, pima intaferoni-gama pamoja na intaleukini-4, kwa sababu glaikolipidi dada iitwayo OCH, ambayo mkia wake wa kaboni 18 ulifupishwa hadi 9, huelemea upande wa intaleukini-4.

Akiba ihifadhiwe katika nyuzi 20 chini ya sifuri, na kila inapotolewa ipashwe tena hadi nyuzi 80, hata kama kwa macho inaonekana wazi.