Kutazama ndege wa maji katika Mbuga ya Nairobi

Lipia kiingilio kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kabla ya kutoka nyumbani. Pesa taslimu hazipokelewi. Lango la Lang'ata Road hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Fika saa hiyo hiyo, kwani jua likipanda ndege wengi hujificha. Maji beba kwenye chupa ya kudumu: plastiki za kutumika mara moja zilipigwa marufuku mbugani tangu Juni 5, 2020.

Anzia Bwawa la Nagolomon. Simamisha gari kabla ya ukingo, jua likiwa mgongoni, kisha zima injini. Ikiendelea kunguruma, mtetemo wake utafanya darubini icheze na usione chochote. Teremsha kioo nusu, tandika leso iliyokunjwa juu yake, tuliza darubini hapo. Kaa dakika ishirini. Wengi huondoka baada ya tano, na hapo ndipo ndege walioshtuka huanza kurudi.

Yangeyange, ndege weupe wenye miguu mirefu, huwachanganya watu. Tazama miguu anapoinua hatua: yule mdogo ana miguu myeusi na vidole vya njano, kama aliyevaa soksi. Yule mkubwa miguu yake ni myeusi hadi vidoleni.

Usishuke garini ila paliporuhusiwa, kama Hippo Pools. Pale tembea na askari, funga madirisha kwa sababu ya tumbili, na kamwe usisimame kati ya kiboko na maji.

Mvua ikinyesha, epuka njia za udongo mweusi. Hunata, na hata gari kubwa hukwama.