Namna ya Kumsikiliza Mwanafunzi kwa Misingi ya Saikolojia ya Utu

Mwalimu anapoambiwa kwamba elimu inayojali utu huanza na kusikiliza, huenda akadhani kuwa jambo hilo analifanya tayari, kwa sababu kila siku wanafunzi humjia na maneno yao naye huyapokea. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tunachokiita kusikiliza ni kungoja zamu ya kujibu. Mwongozo huu unahusu usikilizaji wa aina nyingine, uliofafanuliwa na mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers (1902–1987), mmoja wa waasisi wa saikolojia ya utu, yaani ile inayomtazama mtu kama nafsi kamili yenye uwezo wa kukua, na unaeleza namna mwalimu anavyoweza kuutumia mwanafunzi anapomjia na jambo linalomsumbua.

Rogers hakuupata msimamo wake vitabuni. Kuanzia mwaka 1928 alifanya kazi kwa miaka 12 mjini Rochester, katika jimbo la New York, akiwahudumia watoto wenye matatizo pamoja na wazazi wao. Baadaye alisimulia habari za mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa mtukutu kupita kiasi. Rogers aliamini kwamba chanzo cha utukutu huo ni mama mwenyewe kumkataa mtoto tangu mapema, akajitahidi kwa upole, kikao baada ya kikao, kumfanya alione hilo. Hakufaulu, na mwishowe wakakubaliana kuacha. Mama huyo alipofika mlangoni aligeuka akauliza iwapo watu wazima nao huhudumiwa pale. Alipojibiwa kuwa ndiyo, alirudi kitini akaanza kumimina yaliyomjaa moyoni kuhusu ndoa yake, maneno yasiyofanana hata kidogo na maelezo makavu aliyokuwa ameyatoa awali. Msaada wa kweli ulianzia hapo, na mtoto naye akanufaika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: Rogers alitambua kwamba anayeumia ndiye ajuaye panapouma, na kwamba mtaalamu anayetangulia na jawabu humzibia njia ya kupaonyesha.

Kuhusu mahali na wakati sina mengi ya kusema. Tafuta pahali ambapo wenzake hawatamsikia lakini ambapo mnaonekana, keti badala ya kusimama mbele yake, na kama huna nafasi wakati huo, mwambie hivyo waziwazi kisha mpange saa utakayoitimiza.

Kazi ngumu huanza mwanafunzi anapofungua kinywa. Thomas Gordon, aliyekuwa mwanafunzi wa Rogers, aliorodhesha vizuizi 12 ambavyo msikilizaji humwekea msemaji bila kujua. Baadhi yake hatushangai kuvikuta humo, kama vile kuamrisha, kutisha, kulaumu na kukejeli. Kinachopaswa kutushtua sisi walimu ni kwamba orodha hiyo ina pia kushauri, kusifu, kuuliza maswali mfululizo na kuliwaza, yaani mambo yale yale tunayoyafanya kwa nia njema kabisa. Chukua mfano wa mwanafunzi anayesema, “Mwalimu, sitaki tena hisabati. Mimi ni mjinga.” Jibu linalotutoka upesi ni, “Wewe si mjinga hata kidogo, mbona mtihani uliopita ulifanya vizuri?” Maneno hayo ni mema, lakini anachokisikia mwanafunzi ni kwamba anavyojiona si sahihi na kwamba mazungumzo yamekwisha. Ataitikia kwa heshima, ataondoka, na alilokuja nalo ataondoka nalo.

Badala yake, nyamaza kidogo, kisha mrudishie kwa maneno yako mwenyewe kile ulichokielewa, hasa hisia iliyomo ndani ya maneno yake: “Unaona kana kwamba hata ukijitahidi huendi mbele, na sasa umechoka.” Sentensi hiyo haihitaji kuwa sahihi ili ifae. Huenda akakusahihisha: “Sijachoka, mwalimu. Naona aibu wanavyonicheka nikiwa ubaoni.” Angalia jinsi tatizo lilivyobadilika kwa jibu moja tu, kwa maana ulilodhani ni la somo kumbe ni la kicheko cha darasa, na ushauri wowote ambao ungeutoa dakika moja kabla ungekuwa umelenga pengine. Wapo waliouchukua mtindo huu wakaugeuza kasuku, wakawa wanakariri neno kwa neno kila wanachoambiwa, jambo linaloudhi na kumfanya msemaji ajihisi anafanyiwa majaribio. Rogers alisikitishwa na upotoshaji huo. Mwaka 1986 aliandika kwamba lengo lake halikuwa kuakisi hisia za mtu bali kuhakiki uelewa wake mwenyewe, yaani kumwuliza msemaji, kwa namna moja au nyingine, iwapo ameelewa sawasawa. Kwa hiyo sema kila sentensi ya aina hiyo kwa sauti ya mtu anayeuliza, ukiwa tayari kukosolewa.

Mbinu hii haisimami peke yake. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1957, Rogers alitaja masharti ya mabadiliko katika nafsi ya mtu, na matatu miongoni mwake yanamhusu msaidizi moja kwa moja: kuuingia ulimwengu wa mwenzake kana kwamba ni wake bila kusahau kwamba si wake, kumthamini bila masharti, na kuwa mkweli katika nafsi yake. Hilo la pili ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Kumthamini mwanafunzi bila masharti si kuridhia kila anachokitenda. Aliyenakili majibu ya mwenzake katika mtihani atapata adhabu iliyowekwa, na wakati huo huo anaweza kusikilizwa aeleze hofu iliyomfikisha hapo, bila heshima yake kama mtu kupunguzwa kwa sababu ya kosa hilo. Kwa upande wangu naamini sharti la ukweli ndilo tunalolipuuza zaidi, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba mwalimu mwema ni yule asiyechoka wala kukasirika. Ikiwa umekasirika, sema, “Nimekasirika kwa kilichotokea, na bado nataka kukusikia.” Mtoto huitambua hasira iliyofichwa kabla hujatamka neno, na tabasamu lililowekwa juu yake humfundisha kwamba nawe husemi ukweli.

Usiahidi kamwe siri isiyo na mipaka. Anayekueleza kwamba anadhuriwa, au kwamba anafikiria kujidhuru, anahitaji wenye mamlaka na wataalamu wa unasihi wajulishwe siku hiyo hiyo, na ni haki yake kujua kutoka kwako nani ataambiwa na kwa nini.

Stadi hii hujengeka kwa mazoezi, na zoezi lililo bora kuliko yote ninayoyafahamu Rogers mwenyewe alilipendekeza kwa watu wanaobishana. Kanuni yake ni moja: hakuna anayeruhusiwa kutoa hoja yake kabla ya kueleza upya hoja na hisia za aliyetangulia, mpaka huyo aliyetangulia akiri kwamba ameelezwa ipasavyo. Lifanye darasani kwa kuwagawa wanafunzi watatu watatu, wawili wabishane juu ya jambo wanalolijali na wa tatu asimamie kanuni, na baada ya dakika kumi wabadilishane nafasi. Mwanzoni mjadala utakwenda polepole mno, na wengi watagundua kwamba hawawezi kurudia hoja waliyokuwa wakiipinga kwa nguvu sekunde chache zilizopita. Usiwaharakishe. Kisha keti katika mojawapo ya makundi hayo, si kama msimamizi bali kama mbishani, na ukubali mwanafunzi akwambie mbele ya wenzake, “Hapana, mwalimu, sivyo nilivyosema,” halafu ujaribu tena.