Vestige: jinsi ya kulitumia hili neno bila kubabaika

Wadogo zangu mnaotembeza wageni kwenye magofu ya Tongoni, na nyie mnaoandika maripoti ya Kiingereza hapa Tanga mjini, kuna neno nawaomba sana mlizoee, vestige. Linatamkwa VES-tiji, mkazo mwanzoni na ile i ya mwisho unaimeza.

Maana yake ni alama au kijisehemu kinachobaki kitu chenyewe kikishaondoka. Asili yake ni Kilatini, vestigium, yaani unyayo, na ukishika hapo hupotei tena. Nenda Tongoni kaangalie nguzo za makaburi, zamani walikuwa wanapachika bakuli za kauri kutoka Uchina, sasa bakuli hazipo, vimebaki vile vishimo vya duara tu. Basi kile kishimo ndo vestige yenyewe, mwambie mgeni These hollows are vestiges of the old trade with Asia, ataelewa palepale maana anakiona.

Na si lazima kiwe kitu cha kushika. Hela tunayoitaja kutwa nzima imetokana na Heller, sarafu aliyoileta Mjerumani 1904, shule nayo ni Schule yao, wenyewe walishaondoka zamani lakini maneno tunayo mdomoni hadi leo, kwa hiyo neno hela ni a vestige of German rule. Mimi mfano huu naupenda kuliko yote.

Sasa jamani, si kila kilichobaki ni vestige. Wali wa jana ni leftovers, kiporo hicho. Kitambaa kinachobaki kwa fundi cherehani ni remnant. Uchafu unaoganda chini ya tangi ni residue. Na jengo la zamani ambalo bado zima na watu wanafanyia kazi humo ndani usiliite hivyo, kitu kiwe kimeondoka karibu chote.

Baada yake weka of. Kwenye kukanusha ndo linakuwa kali kabisa, There is not a vestige of truth in it, yaani hakuna hata chembe ya ukweli. Wanafunzi wa baiolojia mtakutana na vestigial, kama kifandugu chetu, kale kamfupa ka mwisho wa uti wa mgongo, kanahesabiwa kuwa mabaki ya mkia.

Ila ni neno la kuandikia zaidi na la kuelezea historia, mkiwa mnapiga stori za kawaida na mgeni sema tu trace, au what's left.