Somo: Mwigizaji kijana na wakala wake, namna ya kuwasiliana odisheni inapoingia

Wadogo zangu, na ninyi wazazi mnaowasimamia, shule za uigizaji zinafundisha sauti, mwili na kusoma mswada. Namna ya kumjibu wakala, yule anayekutafutia kazi, hazifundishi, na hapo ndipo nimeona vijana wengi wakipoteza kazi walizostahili. Mimi nimeigiza tangu nikiwa na miaka 13, kisha nikakaa ofisini kwa wakala miaka minne nikiwa msaidizi wake. Kazi yangu ilikuwa kutuma odisheni, yaani wito wa kujaribiwa kwa nafasi ya kuigiza, na kupokea majibu, asubuhi hadi usiku.

Kwanza mjue mambo yalivyo upande wa pili. Saa kumi jioni msimamizi wa kastingi, yaani anayetafuta waigizaji wa kazi fulani, anapiga simu. Anatafuta binti wa miaka 14 hadi 16, na video zimfikie kesho saa sita mchana. Wakala anachagua majina manane, mimi nawatumia wote. Watatu wanajibu ndani ya nusu saa. Wawili wanajibu baada ya chakula cha usiku. Wawili wako kimya. Mmoja ametuma dole gumba, basi. Saa tatu usiku simu inalia tena: "Nitegemee wangapi?" Wakala anataja watano. Yule wa dole gumba hamtaji, maana hajui kama ameona tu au amekubali. Na huyo binti nilimfahamu, alikuwa mzuri kuwapita wengine wote.

Wakala anahitaji neno la uhakika la kumpelekea mtu mwingine anayesubiri. Hatua zote zinazofuata ni za kumpa neno hilo mapema.

Hatua ya 1: Kubalianeni njia ya mawasiliano siku ya kwanza

Muulize wakala: odisheni zitakuja kwa barua pepe, WhatsApp au simu? Ni saa ngapi nisikupigie? Jambo la haraka nikutafute vipi? Kisha hakikisha namba na anwani alizonazo ndizo unazotumia kila siku. Kama hujatimiza miaka 18, mzazi au mlezi awemo kwenye kila ujumbe. Hili halina mjadala.

Hatua ya 2: Jibu, hata kama bado hujasoma mswada

Odisheni ikiingia, jibu la kwanza liende ndani ya saa moja au mbili ukiweza. Uko darasani? Mzazi ajibu. Jibu lenyewe lina mambo matatu tu: umepokea, video itafika lini, na tarehe za kurekodi ziko wazi au la. Mfano:

"Habari za jioni Dada. Nimepokea odisheni ya nafasi ya mdogo wa daktari. Video nitatuma kesho kabla ya saa nne asubuhi. Tarehe 3 hadi 9 niko huru, isipokuwa tarehe 6 nina mtihani kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Kukata nywele hakuna tatizo. Asante."

Angalia ile tarehe 6. Vijana wengi wangeificha wakiogopa kunyimwa nafasi. Lakini mtihani wa muda wa saa tatu unapangika, mradi wajue kabla ratiba haijafungwa. Angalia pia nywele: ujumbe wa odisheni ulikuwa umetaja, na yeye amejibu bila kusubiri kuulizwa. Wakala akipata ujumbe kama huu hana swali lililobaki.

"Sawa" peke yake haitoshi. Dole gumba nimeshalisema.

Hatua ya 3: Toa tarehe zako kabla hazijaombwa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa niliumia mwenyewe.

Nilikuwa na miaka 16. Niliitwa odisheni, nikaitwa tena mara ya pili, na mara zote mbili niliulizwa kama niko huru mwezi mzima. Nilisema ndiyo. Nilikuwa na safari ya shule ya siku nne katikati ya mwezi huo, imeshalipiwa, na niliona kwamba nikipata nafasi ndipo nitaongea. Nafasi nikapata. Niliposema habari ya safari, tukio langu kubwa la kuigiza lilikuwa limeshapangwa siku hizohizo, na ukumbi umekodiwa. Wakampa mwingine. Wakala wangu hakunifokea. Alimpigia mama, akamwambia: "Ningeambiwa wiki mbili zilizopita, ningeomba wasogeze." Yule msimamizi wa kastingi hakuniita tena kwa muda mrefu, na ninamwelewa.

Kwa hiyo, kila mwanzo wa muhula mtumie wakala orodha ya siku usizoweza: mitihani, safari, harusi ya nyumbani, matibabu. Mpango ukibadilika, mjulishe siku hiyohiyo. Kwa watoto uzito ni mkubwa zaidi, kwa sababu nchi nyingi zina vibali na ukomo wa saa za kazi. Mfano Uingereza: halmashauri ya eneo anapoishi mtoto inaweza kukataa kutoa kibali iwapo ombi limeletwa zikiwa zimebaki chini ya siku 21 kabla ya onyesho la kwanza. Mzazi akichelewa kuleta cheti cha kuzaliwa au barua ya shule, kipaji cha mtoto hakitamsaidia.

Hatua ya 4: Uliza, ila usome kwanza

Maswali mengi niliyokuwa nikipokea majibu yake yalikuwa kwenye aya ya pili ya ujumbe uleule. Soma wote, pamoja na viambatisho. Kisha yaliyobaki yaandike kwenye ujumbe mmoja. Maswali sita katika jumbe sita ndani ya dakika kumi yanamchosha mtu, na moja litapotea.

Maswali yenye faida ni kama haya: Jina hili la mhusika linatamkwaje? Wanataka lafudhi gani? Mhusika analia kweli au anajizuia? Nirekodi matukio yote mawili au nichague? Wakala asipojua, atamuuliza msimamizi wa kastingi. Wewe usimwandikie msimamizi moja kwa moja, hata kama umempata mtandaoni na anaonekana mkarimu.

Hatua ya 5: Kutuma video

Fuata maelekezo ya kazi husika, yanatofautiana. Lililo la kawaida ni simu ilale kwa upana isipoelekezwa vingine, mwanga ukupige usoni, na jina la faili liwe na jina lako, nafasi na namba ya tukio. Faili linaloitwa "video mpya 2 ya mwisho kabisa" linampa msaidizi kazi ya kulibadili jina, na siku yenye video nyingi linaweza kuchanganywa na la mwingine.

Ukituma kiungo, kifungue kwanza kwenye simu ya mtu mwingine. Nimewahi kukaa saa nne usiku na kiungo kinachodai ruhusa, aliyekituma amelala, na mwisho wa kupokea ni saa sita usiku. Nilipiga simu mara saba. Asubuhi alipoamka, muda ulikuwa umepita.

Usiambatanishe maelezo ya kujitetea: "samahani nina mafua", "ningeweza kufanya vizuri zaidi". Kama hujaridhika na muda upo, rudia. Kama muda umekwisha, tuma na unyamaze.

Hatua ya 6: Kukataa

Una haki ya kukataa odisheni. Inawezekana mhusika anafanya jambo linalogusa imani yako, au tukio lina busu usilolitaka, au wiki hiyo umelemewa na masomo. Kataa mapema na kwa sentensi mbili: "Asante kwa kunifikiria. Tukio la pili sitaweza kulifanya, kwa hiyo naomba nisishiriki hii." Wakala mwema ataweka kumbukumbu na hatakuletea tena ya namna hiyo. Kinachomharibia jina ni kukubali, kufika hatua ya mwisho, kisha kukataa mkataba ukiwa mezani.

Hatua ya 7: Baada ya odisheni

Ukihudhuria ana kwa ana, mtumie wakala mistari miwili: imekwendaje, na kama waliuliza lolote kuhusu tarehe, urefu au nywele. Kisha endelea na maisha yako. Kimya ndiyo hali ya kawaida ya kazi hii. Odisheni nyingi hazijibiwi kabisa, na wakala hakufichi kitu.

Jambo moja vijana hulielewa vibaya: kushikiwa tarehe. Watayarishaji wanaweza kumwambia wakala kwamba wanakupenda na wanaomba siku fulani uziache wazi. Hiyo si kazi bado, na kwa kawaida hailipwi mpaka kuwe na mkataba. Lakini ukiwa umeshikiwa tarehe, usikubali shughuli nyingine siku hizo kabla ya kumwuliza wakala. Na usitangaze popote. Odisheni nyingi huja na sharti la usiri. Ukurasa mmoja wa mswada ukionekana nyuma ya picha yako mtandaoni unatosha kukutoa.

Hatua ya 8: Mwili wako ukibadilika, sema

Umenyoa, umesuka, umewekewa vyuma vya meno, umerefuka sentimita sita likizoni, sauti imevunjika. Tuma picha mpya ya uso isiyochujwa na vipimo vipya siku hiyohiyo. Wakala anakuuza kwa picha aliyonayo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa miaka 17 anauliza: Shikamoo mwalimu. Miezi mitatu sijaletewa odisheni hata moja. Naogopa nikiuliza ataniona msumbufu. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Uliza, ila usiende mikono mitupu. Ukiandika "mbona hunipi kazi?" atajitetea tu. Andika hivi: "Naomba dakika 15 wiki hii tuangalie picha na video zangu. Kuna umri au aina ya mhusika unaona hainikai vizuri?" Peleka na kitu kipya, kama picha au tukio fupi ulilorekodi. Huenda soko limepoa, huenda picha yako ni ya miaka miwili iliyopita. Ukiomba mazungumzo hayo mara mbili na asikupe, hapo anza kusoma kifungu cha mkataba kinachoeleza namna ya kuachana.

Mama wa binti wa miaka 11 anauliza: Wakala ameanza kumwandikia mwanangu moja kwa moja usiku, eti amzoeshe kujitegemea. Nina wasiwasi, au ni mimi nimepitwa na wakati?

Mama yangu, wasiwasi wako ni wa haki. Mtoto wa miaka 11 hana ujumbe wa kazi ambao mzazi hapaswi kuuona. Mwandikie leo: "Kuanzia sasa mawasiliano yote yaje kwangu." Mwenye nia njema atasema sawa na kuomba radhi. Akibisha, akicheka, au akiendelea kwa siri, mwondoe mwanao hapo, uyahifadhi maandishi yote, na uwaone wanaohusika na ulinzi wa watoto mahali mlipo. Na odisheni ya mtoto isifanyike chumba cha hoteli wala nyumbani kwa mtu, na usikubali kubaki nje ya jengo.

Mwanachama mwingine: Nimepata wakala, lakini anataka nilipe kwanza ada ya kuandikishwa ndipo anipeleke odisheni. Ni kawaida?

Si kawaida, usilipe. Wakala hula pale unapokula. Marekani, mawakala wanaofanya kazi chini ya makubaliano na chama cha waigizaji SAG-AFTRA kwa kawaida hukata asilimia 10 ya malipo ya mwigizaji, tena baada ya kazi kupatikana. California ilipitisha sheria mwaka 2009 inayokataza kutoza ada ya mapema kwa ajili ya kumwakilisha msanii. Picha utalipia mwenyewe, kwa mpigapicha unayemchagua wewe. Akikulazimisha mpigapicha wake, hiyo ni ada ileile imevaa nguo nyingine.

Baba wa mvulana wa miaka 9: Je, ni utovu wa adabu kumwuliza wakala habari ya malipo kabla ya odisheni?

Hapana kaka. Uliza malipo ni kiasi gani, nauli nani anatoa, asilimia yake ni ngapi, na fedha zinapita kwa nani kabla hazijawafikia. Uliza kwa maandishi. Na fedha za mtoto ziwe za mtoto. Jackie Coogan aliigiza akiwa mdogo, akaingiza mali nyingi, na alipokua akakuta karibu yote imetumika mikononi mwa mama yake na baba wa kambo. Kesi yake ndiyo iliyozaa sheria ya California ya mwaka 1939, na leo huko asilimia 15 ya mapato ya mtoto lazima iwekwe kwenye akaunti asiyoigusa mtu mpaka akue. Hata mnapoishi pasipo na sheria hiyo, hakuna anayekuzuia kufungua akaunti.

Mwanachama wa miaka 19: Rafiki yangu anatengeneza filamu fupi, ameniita bila kupitia kwa wakala. Nikienda kimyakimya kuna ubaya?

Mwambie kabla hujasema ndiyo. Mikataba mingine humpa wakala haki juu ya kila kazi ya uigizaji, mingine huacha nje kazi za wanafunzi na zisizolipwa, soma wako. Lakini kubwa ni tarehe. Ukiwa kwa rafiki yako Jumamosi na wakala ameshawaambia watu uko wazi Jumamosi, umemwangusha bila yeye kujua. Mara nyingi atakuambia nenda, na atakuomba kipande cha filamu hiyo ikikamilika, akitumie kukutafutia nyingine.