Namna ya Kutembelea Maporomoko ya Maji na Misitu ya Kaskazini mwa Uingereza

Maporomoko ya maji ya Uingereza si marefu. High Force, yaliyo katika bonde la mto Tees na yanayosifika kwa nguvu zake, yana mita 21 tu, na mtu aliyewahi kusimama ukingoni mwa maporomoko ya Nyahururu, yenye zaidi ya mita 70, anaweza kujiuliza amefunga safari ya nini. Jibu hutegemea sana siku aliyoichagua. Mito inayolisha maporomoko haya ni mifupi, hutoka vilimani palepale karibu, na maji yake hupanda na kupungua katika muda wa saa chache. Kwa hiyo mahali palepale panaweza kuwa na ngurumo inayosikika kutoka mbali siku ya Jumanne, na wiki tatu baadaye, jua likiwaka bila mvua, pakabaki michirizi tu juu ya jiwe jeusi.

Ndiyo maana maandalizi yaanze kwa kutazama mvua. Siku iliyo bora ni ile inayofuata mvua nzuri ya usiku kucha, hasa ikiwa anga limeanza kufunguka asubuhi. Siku ya mvua kubwa yenyewe haifai, kwa kuwa njia za kando ya mto hufurika na mawe ya kuvukia hufunikwa. Soma utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo, jioni ya kuamkia safari, kisha uangalie kama idara ya mazingira ya serikali imetoa tahadhari ya mafuriko kwa mto unaouendea.

Jambo la pili ni mwanga. Mwezi wa Juni jua la kaskazini mwa Uingereza huzama karibu saa nne kasorobo usiku, lakini mwezi wa Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na ndani ya korongo lenye miti huingia mapema zaidi. Anayekwenda wakati wa baridi aanze kutembea asubuhi na abebe tochi hata kama anaamini hataihitaji. Kwa upande wa misitu, majira mawili hayana mfano. Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei, kabla majani ya juu hayajafunga mwanga, sakafu ya misitu ya kale hufunikwa na maua ya buluu yenye umbo la kengele, ambayo wenyeji huyaita bluebell, pamoja na kitunguu saumu cha mwituni ambacho harufu yake humfikia mtu kabla hajakiona. Halafu huja mwisho wa Oktoba, mialoni inapogeuka rangi ya shaba na mvua zimekwisha kurudi. Mtu mwenye nafasi ya safari moja tu kwa mwaka, ningemshauri achague Mei iwapo anapenda maua, na Oktoba iwapo anataka maji.

Mgeni huhofia kwamba anaingia katika shamba la watu bila ruhusa. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu sehemu kubwa ya mashamba na misitu ni mali ya watu binafsi. Hata hivyo, sheria ya nchi hiyo inalinda njia za umma zinazokatiza mali hizo, na mwenye shamba hana haki ya kumzuia anayezifuata. Mshale wa manjano kwenye nguzo au lango huonyesha njia ya waendao kwa miguu peke yao. Mshale wa buluu huonyesha njia ambayo wapanda farasi na baiskeli nao wanaruhusiwa. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 2000 ilifungua sehemu kubwa za milima na nyika ambamo mtu anaweza kutembea hata nje ya njia. Ninazungumzia England yenyewe, maana Scotland ina sheria yake iliyo tofauti.

Njia hizi zote zimechorwa katika ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la upimaji na ramani. Nunua ile ya jalada la rangi ya machungwa, ambayo sentimita nne zake ni kilomita moja ardhini. Njia za umma zimeonyeshwa kwa vistari vya kijani, na kuta za mashamba zimechorwa moja moja, jambo linalosaidia sana mtu asiyejua upande upi wa ukuta anapaswa kupita. Ramani ya simu ni nzuri, ila mtandao hukatika mabondeni na betri hufa upesi katika baridi. Inafaa pia kujifunza maneno machache yaliyoachwa na walowezi kutoka Skandinavia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita: popote kaskazini ramani inapoandika Force au Foss, hapo pana maporomoko, Beck ni kijito, na Ghyll ni korongo lenye kijito ndani yake. Mimi huyatafuta majina hayo kwenye ramani kabla ya kufungua mwongozo wowote wa watalii.

Kwa safari ya kwanza, napendekeza Ingleton, kijiji kilicho ukingoni mwa hifadhi ya taifa ya Yorkshire Dales. Njia yake ya maporomoko ilifunguliwa mwaka 1885, ni mzunguko wa kilomita saba hivi, na kwa kuwa ipo katika ardhi ya binafsi hulipiwa kiingilio. Tenga saa tatu au nne. Unapanda kwa mto Twiss, kupitia korongo lenye miti la Swilla Glen, unapita maporomoko ya Pecca yanayoshuka kwa ngazi kadhaa za mwamba, kisha miti inaisha ghafla na mbele yako yanatokea Thornton Force, mita 14 za maji yakidondoka ndani ya bwawa. Hapo usiharakishe. Tazama ukuta wa mwamba nyuma ya maji: tabaka za chokaa juu zimelala sawasawa kama mikeka iliyopangwa, lakini chini yake mwamba wa kale zaidi umesimama wima, na kati ya hizo mbili pamepita zaidi ya miaka milioni mia moja ambayo haikuacha alama yoyote. Ni mahali pachache ambapo mtu asiye mwanajiolojia anaweza kuliona pengo kama hilo kwa macho yake. Baada ya hapo njia hukatiza malisho ya kondoo na kushuka kwa mto Doe, katikati ya msitu wa mialoni, kupita maporomoko ya Beezley na Snow Falls hadi kijijini. Ngazi ni nyingi, na hazifai kwa kiti cha magurudumu wala kigari cha mtoto. Treni haifiki Ingleton. Stesheni ya karibu ni Bentham, kilomita tano hivi kutoka hapo.

High Force huonyesha vizuri tofauti ya njia ya kulipia na njia ya umma. Ng'ambo ya kaskazini ya mto kuna njia ya binafsi yenye kiingilio, inayokufikisha chini ya maporomoko. Ng'ambo ya kusini hupita Pennine Way, njia ndefu ya kitaifa iliyofunguliwa mwaka 1965, nayo ni bure: unaanzia Bowlees, unavuka daraja jembamba linaloning'inia la Wynch, unayaona maporomoko madogo ya Low Force, kisha unafuata mto kuelekea juu kwa chini ya saa moja. Mimi huipenda zaidi hii ya pili, kwa sababu mngurumo hukua hatua kwa hatua. Wenye watoto wadogo wafikirie Aira Force, kando ya ziwa Ullswater, ambako kuna maegesho, choo, na madaraja mawili ya mawe, moja juu na moja chini ya maji.

Vaa buti zenye soli ya meno na koti lisilopenyeza maji, na uepuke suruali ya jinzi, ambayo ikilowa hukaa na baridi siku nzima. Chupa ya chai na chakula vibebwe. Mawe ya karibu na maji yana utando wa kijani unaoteleza kuliko barafu. Usiyakanyage kwa ajili ya picha. Usirukie bwawani hata siku ya joto, kwani maji hayo hubaki baridi kiasi cha kumkata mtu pumzi mara moja. Upepo ukiwa mkali, usisimame chini ya miti ya ash, ambayo mingi inakufa kwa ugonjwa wa ukungu uliogunduliwa nchini humo mwaka 2012 na matawi yake huvunjika bila dalili. Ng'ombe wenye ndama wazungukwe kwa mbali, na mbwa afungwe kamba penye kondoo. Lango uliache ulivyolikuta. Ajali ikitokea, piga 999, omba polisi, kisha uombe waokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea wasiotoza malipo, na watakufikia mapema zaidi ukiwatajia namba za mraba wa ramani ulipo.

Ukirudi, kagua miguu, makwapa na nyuma ya magoti kama kuna kupe, kwa kuwa baadhi yao hueneza ugonjwa wa Lyme. Mng'oe kwa kibano chenye ncha nyembamba, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta juu polepole. Kisha sugua matope yote kwenye buti kabla ya kwenda msitu mwingine. Kando ya High Force kuna mireteni, vichaka ambavyo wenyeji huviita juniper, inayokufa kwa kimelea kinachosafiri ndani ya udongo, na tope la soli moja linatosha kukibeba.