Mashine ya polishi kwa gari lako mwenyewe: namna ya kuichagua kabla hujatoa hela

Jirani yangu ana Premio nyeusi. Kila Jumamosi anaipeleka kuoshwa, na kila Jumamosi inarudi na mikwaruzo mipya, ile myembamba ya duara inayojitokeza jua likipiga boneti. Sababu anaijua: kitambaa kilichofuta rimu za gari lililotangulia ndicho kinachofuta mlango wake. Akaamua ataosha mwenyewe na kupiga polishi mwenyewe, akaniomba twende wote Kariakoo kutafuta mashine. Niliyomwambia njiani na dukani ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa yeyote anayefanya kazi hii kwa kupenda, kwenye gari lake na pengine la shemeji, si kwa kuishi nayo.

Hatua ya 1: Jua unataka kuondoa nini

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, hakuna polishi itakayoumaliza. Huo mpelekee fundi rangi. Usipokwama, mashine inaweza.

Kumbuka tu kwamba unachokipunguza ni klia, tabaka lisilo na rangi lililo juu ya rangi yenyewe. Kwenye gari lenye rangi ya kiwandani klia huwa kati ya mikroni 35 na 50 hivi, yaani karibu nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuchapishia. Haiongezeki. Toyota nyingi nyeupe za zamani hazina klia kabisa: paka polishi kidogo kwa mkono, futa kwa kitambaa cheusi, na kitambaa kikitoka na weupe jua unasugua rangi moja kwa moja. Inapigika, lakini pedi, yaani sponji za kusugulia, zitajaa haraka.

Hatua ya 2: Chagua aina, kisha ndiyo jina

Dukani utaonyeshwa vitu vinavyofanana kwa mbali. Cha kwanza ni grainda yenye sponji mbele. Muuzaji atakuapia kwamba kazi ni ile ile. Si ile ile: grainda ndogo inakwenda mizunguko elfu kumi na zaidi kwa dakika, wakati polishi inataka kati ya 600 na 3,000 kwa mashine za aina hiyo. Rudisha.

Cha pili ni kile cha duara kama sufuria, cha kuchomeka kwenye tundu la sigara ndani ya gari. Kinapaka nta vizuri. Mkwaruzo hakiutoi.

Cha tatu ni mashine ya mzunguko mmoja, ile ndefu ya Makita au Bosch inayoonekana kwenye gereji za rangi. Pedi inazunguka kwenye mhimili mmoja tu, kwa hiyo inakata haraka na joto linakusanyika mahali pamoja. Mikononi mwa fundi anayesawazisha rangi aliyoipuliza jana, hakuna inayoizidi. Mikononi mwa mtu wa Jumamosi, kona ya boneti na ule mstari wa mlangoni vinaweza kupoteza klia ndani ya sekunde chache, na hata usipofika huko utaachiwa mawimbi ya mwanga yanayocheza kwenye rangi nyeusi ukipita na tochi. Nimeshaona magari yaliyotoka kupigwa polishi yakiwa mabaya kuliko yalivyoingia, na karibu yote yalikuwa yamepitiwa na hii.

Cha nne ndicho ninachotaka ununue: DA, kifupi cha "dual action", yaani mwendo wa aina mbili. Liombe kwa herufi hizo mbili, wauzaji wengi wa vifaa vya gari wanalielewa. Pedi yake inazunguka na wakati huo huo inayumba huku na huku, kwa hiyo hakuna sehemu ya rangi inayosuguliwa mfululizo. Ukikandamiza kupita kiasi pedi inaacha kuzunguka na kubaki ikitetemeka. Wengine wanaona huo ni udhaifu. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo breki yake.

Zipo pia DA za gia, ambazo pedi haisimami hata ukiilalia. Flex XC 3401 ya Ujerumani ni ya ukoo huo, na Makita PO5000C unaweza kuibadilisha kati ya njia hiyo na ile huru. Ni mashine nzuri sana, ila mimi ningeziweka kuwa mashine ya pili.

Ukishakubali DA, swali linalofuata ni inayumba kwa milimita ngapi. Utakutana na 8, 15 na 21. Ya 21 ilizoeleka kwa Rupes, Waitaliano, nao wanaiwekea sahani kubwa (kile kibao kigumu kinachobandikwa pedi) ya milimita 150. Kwenye boneti la Land Cruiser au paa la Noah inafagia. Kwenye Vitz, IST au Passo, ambako bodi nzima ni mikunjo, inasimama-simama na utachoka kuibembeleza. Kwa magari tunayoyaendesha wengi wetu chukua 15 yenye sahani ya milimita 125. Ya 8 ni nyepesi na haitikisi mkono, inachelewa tu.

Wati? Kati ya 500 na 1,000 inatosha. Usikubali mtu akupandishie bei kwa sababu ya namba iliyobandikwa kwenye boksi.

Hatua ya 3: Umeme

Hapa usiharakishwe. Muuzaji akikwambia "bosi, umeme ni umeme", simama hapo hapo mpaka umeridhika.

Kontena za mitumba kutoka Japani haziji na spea peke yake. Zinakuja na zana, na miongoni mwake zimo mashine za polishi za hali nzuri kabisa, za majina makubwa, kwa bei inayokufanya utoe pochi kabla hujauliza. Tatizo ni kwamba Japani nyumbani wanatumia volti 100. Sisi Tanzania ni 230, na Kenya ni 240. Ukiichomeka hivi hivi motor inapewa zaidi ya mara mbili ya ilichotengenezewa.

Na inawaka! Hilo ndilo linalowaponza watu. Haipigi shoti papo hapo. Inanguruma, inakimbia kuliko kawaida, muuzaji anaizima baada ya sekunde kumi na kusema "umeona nguvu hiyo?" Unafika nyumbani, unapiga mlango mmoja, unaanza kusikia harufu ya waya unaoungua, kisha kimya. Motor imekufa, na dukani watakwambia ilitoka ikiwa nzima, mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo usiangalie plagi. Plagi haina ushahidi wowote, maana ile ya asili yenye vyuma viwili bapa hukatwa na kuwekwa yetu ya miguu mitatu ili mashine iuzike. Geuza mashine, tafuta kibati au stika pembeni ya motor, futa vumbi kwa kidole. Hata maandishi yakiwa ya Kijapani yote, namba zinasomeka: tafuta iliyokaa kabla ya herufi V. Ikiwa 100V, ni ya Japani. Ikiwa 120V, ni ya Marekani. Unayoitaka imeandikwa 220V, 230V, 240V au 220–240V. Kibati kikiwa kimebanduliwa, au kimesuguliwa mpaka hakisomeki, mimi siinunui hata iwe bei ya sahani ya chipsi. Mwenye mashine nzima hana sababu ya kubandua kibati.

Hapo hapo utaona 50/60Hz. Hiyo isikusumbue. Japani kwenyewe mashariki, Tokyo, wana hezi 50, na magharibi, Osaka, wana 60, kwa hiyo zana zao zimetengenezwa kumeza zote mbili. Motor zenye brashi za kaboni, kama hizi, hazijali.

"Si nitanunua transfoma ya kushusha?" Jirani aliniuliza hivyo hivyo. Unaweza, kwa masharti. Zidisha volti na ampea zilizo kwenye kibati: 100V mara 10A ni 1,000. Transfoma iwe na uwezo wa kuzidi hapo kwa mbali, 1,500 hadi 2,000, na uwe uwezo wa kufanya kazi mfululizo, si wa kuwashia tu. Itoe volti 100 kweli. Nyingi zilizopo madukani zinatoa 110, ambayo kwa mashine ya Kimarekani ni sawa lakini ya Kijapani inaipandishia kwa asilimia 10, na joto litaongezeka. Usidanganyike na vile vibadilishaji vyepesi vya wasafiri vinavyoandikwa wati 2,000 na vinaenea kiganjani. Vinakatakata umeme kielektroniki, na kitu cha kwanza kufa kwenye mashine ya polishi ni kile kifaa cha kielektroniki kinachotawala spidi. Transfoma ya kweli ni nzito, ina shaba na chuma ndani. Sasa jipigie picha unaizungusha hiyo kuzunguka gari, na waya wa mashine ni mita mbili. Ukijumlisha bei zake na usumbufu wake, mashine ya 230V iliyo mpya, hata ya Kichina isiyo na jina kubwa, inakuwa nafuu. Huo ndio msimamo wangu na sijaona sababu ya kuubadilisha.

Mengine ya umeme ni mafupi. Ekstensheni ya kuviringisha ifungue yote hata kama gari liko karibu, maana waya uliojiviringisha unapata joto; na uwe wa milimita 1.5 za mraba, si ule wa kuchajia simu. Jioni umeme ukishuka mtaani mashine italegea, usiilaumu. Za betri ni tamu, lakini ukihesabu betri mbili na chaja utaona zinawafaa wenye betri za jina hilo hilo tayari.

Hatua ya 4: Hakikisha pedi zake zinapatikana

Pedi zinakufa, mashine inabaki. Kabla hujalipa, uliza duka hilo na la jirani yake kama wana pedi za kipimo chako. Kwa sahani ya 125 unatafuta pedi za milimita 130 hadi 150, ziizidi sahani kidogo pembeni ili plastiki ngumu isiguse rangi. Usibadilishe sahani ya 125 kwa ya 150 ukidhani umeongeza kasi: uzito wa kusawazisha ulio ndani ya DA umepimwa kwa sahani yake, na mashine itakutikisa mpaka vidole vife ganzi.

Ukikaidi ukachukua ya mzunguko mmoja, angalia uzi wa skrubu. Huku sahani nyingi ni M14, yaani uzi wa milimita 14. Zipo mashine za M16, na za Marekani ni 5/8 ya inchi. Usilazimishe.

Pedi za kuanzia: za sponji, nne laini na mbili ngumu. Ya manyoya iache dukani.

Hatua ya 5: Jaribu hapo hapo

Nenda na maka pen. Chora mstari mmoja mnene kutoka katikati ya sahani hadi ukingoni, kisha weka pedi. Mstari unaotokeza pembeni ndio utakaokuonyesha kama pedi inazunguka au inatetemeka tu. Iwashe spidi ya 1, iegemeze kwenye kitu laini, boksi la kadibodi linafaa, upandishe taratibu hadi 5. Ukiikandamiza kwa uzito wa mkono mmoja na mstari bado unazunguka, hiyo ni nzuri. Ukisimama kwa kuguswa tu, omba nyingine.

Sikiliza. Mlio wa kukwaruza chuma ni beringi. Cheche nyingi za buluu kwenye matundu ya hewa ni kaboni zilizoisha, na hizo zinabadilishwa. Uliza kama zipo za akiba ndani ya boksi. Kisha ishike hewani mbele yako dakika mbili nzima bila kuongea. Nyingi zina kilo mbili na nusu hadi tatu, na kwenye mlango utaishika ubavu ubavu. Mkono ukilalamika dukani, kwenye gari utagoma.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza

Osha, kausha, pitisha udongo wa kutolea uchafu uliogandamana, funika mpira na plastiki nyeusi kwa utepe wa karatasi. Hayo unayajua.

Gari liwe kivulini na bodi iwe ya baridi. Kwa joto la Dar anza asubuhi, la sivyo polishi itakaukia kwenye pedi. Chagua mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwenye boneti. Anza na pedi laini na polishi nyepesi, matone manne ya ukubwa wa harage, spidi ya 4 au 5, mwendo wa pole, mistari inayolaliana nusu kwa nusu, mara nne hadi sita. Futa, kisha futa tena kwa taulo yenye spiriti iliyochanganywa na maji, kwa sababu mafuta ya polishi yanaficha mikwaruzo na kukupa furaha ya uongo. Mulika kwa tochi ya simu. Ikiwa imetoka, hiyo ndiyo njia ya gari zima. Ikiwa haijatoka, panda kwenye pedi ngumu, na ikishindikana ndipo upande kwenye kompaundi, yaani polishi kali inayokata zaidi, kwenye mraba huo huo, kabla hujagusa sehemu nyingine yoyote.