Reli ya mafuta ya gari la Formula Student: kuichonga, kuifunga na kuipima

Injini nyingi za magari ya Formula Student na Formula SAE, mashindano ya wanafunzi wanaojiundia magari ya mbio, zimetoka kwenye pikipiki: Honda CBR600RR, Yamaha R6, Suzuki GSX-R600. Kwenye pikipiki kila silinda ina throtoli yake (vali ya hewa), na reli ya mafuta, yaani bomba linalogawa petroli kwa nozeli zinazoipulizia injini, imefungwa juu ya throtoli hizo. Sheria za mashindano zinataka hewa yote ipite kwenye tundu moja jembamba, restrikta, milimita 20 kwa petroli na 19 kwa E85 (petroli iliyochanganywa na ethanoli). Kwa hiyo throtoli za pikipiki zinang'olewa, manifoldi mpya (mabomba ya kupeleka hewa kwenye silinda) inachorwa, na reli ya kiwandani inakosa pa kukaa.

Kuchonga nyingine si kazi ya kutisha. Presha ni bar 3 tu, na aluminiamu inaibeba bila jasho. Reli hizi zinapovuja, mara chache sana ukuta ndio uliopasuka. Kwa kawaida vikombe vya nozeli (matundu ya reli yanayopokea vichwa vyake) havikukaa kwenye mstari mmoja, au oringi, pete ya mpira ya kuziba, ilikatwa siku ya kufunga na hakuna aliyejua. Basi nguvu zako ziweke kwenye vipimo, si kwenye unene wa chuma.

Mafuta kiasi gani yatapita

Anza na restrikta, maana ndiyo inayoamua. Tundu la milimita 20 likifika kikomo chake hupitisha takribani gramu 74 za hewa kwa sekunde, na huwezi kuliomba zaidi. Kwa mchanganyiko wa hewa 13 kwa petroli 1, hiyo ni gramu 5.7 za petroli kwa sekunde, yaani karibu lita 27.5 kwa saa. Gawanya kwa nozeli nne: kila moja inatoa kama sentimita za ujazo 115 kwa dakika. Nozeli isifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, kwa hiyo unahitaji yenye uwezo wa kuanzia 145 hivi. Ukitumia E85 ongeza theluthi nzima, kwa sababu ethanoli hutaka ujazo mkubwa zaidi kwa hewa ileile.

Timu nyingi hununua nozeli kubwa kupita kiasi "kwa usalama", halafu injini inasumbua ikiwa sailensa (inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta), kwa kuwa nozeli kubwa haiwezi kupima tone dogo kwa uhakika. Usijitie kwenye shida hiyo.

Tundu kuu la reli liwe milimita 12. Hata pampu ikisukuma lita 120 kwa saa, mafuta yatatembea ndani kwa kasi ya sentimita 30 tu kwa sekunde. Upana huo haupo kwa ajili ya mtiririko. Upo ili kila nozeli inapofunguka na kufunga, mshtuko wake usizichezee presha za jirani zake.

Yale mkaguzi atakayoyatazama

Reli ya plastiki, ya nyuzi za kaboni au iliyochapishwa kwa printa kwa malighafi inayoshika moto hairuhusiwi, isipokuwa ile ya kiwandani isiyoguswa. Reli lazima ifungwe kwa bolti kwenye bloku, kichwa cha silinda au manifoldi. Klipu za hozi, waya na vibano vya plastiki havihesabiki. Bolti zake zinahesabiwa kuwa muhimu kwa usalama, kwa hiyo ziwe za daraja 8.8 au zaidi, na ziwe na kizuizi cha kweli: nati yenye nailoni, au waya wa kufungia. Gundi ya bolti peke yake haikubaliki. Nati ikishakazwa, meno mawili kamili ya bolti yaonekane nje. Soma kitabu cha sheria cha mwaka wako na cha mashindano yako, maana vifungu huhama.

Malighafi

Chukua aluminiamu 6061-T6, bapa la milimita 25 kwa 40, ulishushe kwenye mashine ya milingi hadi 25 kwa 32. Chuma cha kupima kwa kilo kisicho na alama ya daraja kiache kwa kazi nyingine: aluminiamu laini hunatia kwenye biti, na meno yake huvuliwa mara ya pili unapofungua fitingi. Utahitaji pia fitingi mbili za AN-6 za aina ya ORB (inayoziba kwa oringi), oringi za FKM za nozeli, yaani Viton, na bolti za M6. Oringi za EPDM, aina nyingine ya mpira, zikae mbali kabisa. Petroli huzivimbisha zikawa kama uyoga. Fitingi za meno ya mshazari, NPT, nazo zikatae hapa: zinaziba kwa kujikabari, na ukizidisha robo mzunguko zinapasua ukingo wa reli.

Kutoboa tundu kuu

Weka katikati ya tundu milimita 12.5 kutoka juu na 12.5 kutoka kila ubavu. Juu yake utabaki na ukuta wa 6.5, unaotosha meno ya fitingi, na chini 13.5 kwa ajili ya vikombe.

Reli ya urefu wa milimita 300 ni ndefu mara 25 ya upana wa tundu, na biti ndefu hupenda kutangatanga. Anza na biti fupi ngumu ya milimita 12 ileile, uingie 30, halafu ndipo uingize ndefu; tundu fupi ndilo litakaloiongoza. Toboa nusu kutoka kila upande. Ukikosea kukutana kwa robo milimita katikati hakuna hasara. Mzunguko 800 kwa dakika unatosha, na kila baada ya milimita 10 itoe biti nje, isafishe, mwagia mafuta ya taa. Ukisikia sauti imebadilika kutoka mkwaruzo laini kuwa mlio mkavu, nyuzi za aluminiamu zimejaa kwenye mifereji ya biti. Ukiendelea itakatikia humo, na bapa lako limekwisha.

Ncha zote mbili panua hadi 12.9, kina cha kutosha fitingi uliyonunua, kisha kata meno ya 9/16-18 UNF. Mdomo wa tundu la ORB una mshazari wake maalumu ambamo oringi hukaa, na unahitaji kifaa chake. Kuukadiria kwa biti kubwa ya kawaida ni kutafuta uvujaji.

Vikombe vya nozeli

Hapa usiharakishe. Pima umbali kati ya nozeli kwenye manifoldi yako halisi, si kwenye mchoro wake, na kila kikombe kipime kutoka nukta moja ya mwanzo. Ukipima cha pili kutoka cha kwanza, cha tatu kutoka cha pili, makosa madogo yanajumlishana, na nozeli ya nne itaingia kwa kulazimishwa.

Oringi ya juu ya nozeli za Bosch za jamii ya EV14 ina kipenyo cha ndani 7.52 na unene 3.53, hivyo nje yake ni kama milimita 14.6. Kikombe kiwe 13.5. Tofauti hiyo inaibana oringi kwa karibu asilimia 15, nayo inatosha kuziba. Toboa kwa biti ya 13, kisha malizia kwa rima (kifaa cha kulainisha tundu) ya 13.5 ili ukuta uwe laini. Mkwaruzo mmoja wa wima unapitisha petroli kama mfereji. Kina ni milimita 10. Katikati ya sakafu ya kikombe toboa tundu la 8 hadi likutane na tundu kuu. Sakafu ya 3.5 inayobaki ina kazi yake: bila hiyo, kikombe kingekutana na tundu kuu kwa makali, na oringi ingechinjwa hapo.

Mdomo wa kikombe uwe na mshazari wa nyuzi 20, kina cha milimita 2. Fanya hesabu: 13.5 inakuwa karibu 15 mdomoni, yaani pana kuliko oringi ya 14.6. Oringi inaingia ikiwa huru, halafu inabanwa kidogo kidogo inavyoshuka. Mshazari ukiwa wa milimita 1 tu, mdomo ni 14.2, na ukingo wake utanyoa kipande cha oringi kama wembe. Kipande hicho huwa chembamba kiasi kwamba hukioni mpaka uitoe nozeli na kuitazama kwenye mwanga.

Mwisho pitisha tena biti ya 12 kwenye tundu kuu kuondoa miba iliyosukumwa ndani, osha kwa petroli na brashi, puliza. Kisha rudia.

Kuifunga

Presha ya bar 3 juu ya kikombe cha 13.5 inasukuma kwa nyutoni 43. Kwa nozeli nne ni 172, kama kilo 17 na nusu zinazoinua reli itoke. Bolti mbili za M6 hazisikii chochote. Kinachopinda ni braketi. Tumia aluminiamu ya milimita 6, uziweke kati ya silinda 1 na 2, na kati ya 3 na 4, si kwenye ncha. Kama manifoldi imechapishwa kwa printa, usikate meno kwenye plastiki; shika flanji ya aluminiamu au kichwa cha silinda.

Urefu wa spesa, vipande vinavyoinua reli kutoka manifoldi, ndio unaoamua kama nozeli zitapumua. Oringi inaziba kwa ubavu, haihitaji kukandamizwa kutoka juu. Reli ikishakazwa kwa Nm 8 hadi 10, kila nozeli izunguke kwa vidole na iwe na mchezo wa nusu milimita hadi moja juu na chini. Isiyozunguka imebanwa. Reli ya 300 hurefuka karibu milimita 0.4 ikipata joto la nyuzi 60 zaidi, plastiki hurefuka kuliko hapo, na nozeli iliyobanwa ndiyo italipa. Oringi zipake mafuta safi ya injini. Grisi ya silikoni hapana, huua sensa ya oksijeni.

Regyuleta, kidhibiti cha presha, ikae baada ya reli, kwenye njia ya kurudi tangini. Reli isiyo na njia ya kurudi hukaa na mafuta yaleyale juu ya injini ya moto, na baada ya kuzima gari dakika chache mvuke hujaa ndani. Kuwasha tena kunakuwa vita.

Kuipima

Kabla ya petroli, ziba ncha moja, funga nozeli kwenye jigi (fremu ya kuzishikilia), tia hewa ya bar 1 na uzamishe yote kwenye maji. Kwa presha kubwa usitumie hewa, maana fitingi ikichomoka inaruka kama risasi. Jaza maji, ukiondoa hewa yote, na kwa pampu ya mkono panda hadi bar 6 kwa dakika 10. Mshale wa geji usishuke. Kausha kabisa.

Kwenye gari, chomoa plagi za koili na za nozeli, kizima-moto kiwe mkononi mwa mtu asiye na kazi nyingine, washa pampu peke yake. Zungushia kila oringi karatasi ya chooni: doa la unyevu linaonekana hapo kabla jicho halijaona tone. Endesha injini hadi ipate joto, izime, subiri dakika 20, rudia karatasi. Oringi iliyonyolewa inaweza kuziba kwenye kipimo cha kwanza, ikavuja baada ya joto.